Jerikeni ya Mama Wafula

Inawezekanaje betri iliyokufa ndani ya siku nne ifufuke mchana mmoja, mimi nikiwa nimetoka kunywa chai, kisha ishike wiki tatu?

Nilijiuliza swali hilo nikiwa na miaka ishirini na minne, digrii ya fizikia ikiwa kwenye bahasha na bisibisi ikiwa mkononi. Sasa nimeacha kazi, mapema kuliko nilivyotaka. Macho yangu hayaoni tena solda nyembamba bila kioo cha kukuzia, na hata kwa kioo naona nusu na nusu nakisia. Meza yangu ya Bungoma nimewaachia ninyi mafundi niliowafundisha, na mmeniomba niandike machache kuhusu nilikoanzia. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilikuwa na kimoja tu, fundi. Mishahara pia mtanisamehe. Nitaandika kuhusu Kitale, kuhusu Fundi Khaemba, na kuhusu chaja ya kubeba niliyoiunda kwa vipuri vilivyotupwa, maana kuna somo moja niliwafundisha ambalo ni lazima nilifute.

Kwetu ni Myanga, kule Bungoma. Nilipomaliza chuo kikuu katikati ya miaka ya elfu mbili, baba aliniuliza fizikia inauzwa soko gani, nami nikaona swali lake ni la kijinga. Baada ya mwaka mzima wa kuandika barua za kuomba kazi, niliona halikuwa la kijinga sana. Shangazi yangu alikuwa akiuza mitumba Kitale, na kibanda kilichopakana na chake kilikuwa cha Fundi Khaemba, mtengenezaji wa redio, pasi, na kitu chochote chenye waya. Shangazi alinipeleka kwake kama mtu anavyopeleka redio iliyonyamaza.

Fundi alikisoma cheti changu polepole, akakigeuza, akatazama mgongoni.

“Huku nyuma hawakuandika kitu?”

Nilisema hapana. Akanisukumia redio iliyokufa na kuniuliza ina nini. Nikaomba mchoro wake wa waya. Akasema aliyechora alikuwa mbali na hakuacha anwani. Kisha akaifungua, akainyanyua hadi puani mwangu na kuniambia ninuse. Ilinuka kama sukari iliyoungua. Transfoma ilikuwa imeungua. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na mpaka leo mita yangu huja baada ya pua.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na mita moja ya mshale, kioo chake kimepasuka, na mshale ulikuwa unakwama hadi upigwe kwa kucha. Chuma cha solda kilikuwa na mpini aliouchonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Vipuri alivyovitoa kwenye mitambo mibovu alivipanga ndani ya trei za mayai, kila shimo na ukoo wake: rezista huku, dayodi kule, kapasita zilizovimba peke yazo kama wagonjwa. Hakutupa kitu. Nilimuuliza kwa nini kapasita iliyovimba haitupwi. Akasema waya zake za miguu bado ni nzima.

Niliuliza kwa nini mara nyingi mno. Kwa nini unagonga mita? Kwa nini waya mwekundu unaukata kwanza? Kwa nini simu ya mteja unaibandika plasta yenye jina la mama yake na si lake? Hilo la mwisho lilikuwa na jibu: kina Wekesa walikuwa tele sokoni, lakini mama zao walitofautiana. Kabla ya hapo mhubiri mmoja alikwenda na simu ya mwuza mbuzi, akashinda siku mbili akipokea maagizo ya madume. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza Fundi aliacha kuniita kwa jina. Aliniita Kwanini. “Kwanini, leta mita.” “Kwanini, salimia mteja.” Wateja nao wakadhani ndilo jina nililobatizwa.

Kulikuwa na desturi moja iliyonikera kuliko zote. Fundi alikuwa halazimishwi wala hashawishiki kuuza au kutumia betri kuukuu kabla haijalala. Aliichaji ikajaa, akaandika volti zake kwenye kipande cha plasta, akaibandika, kisha akaiweka rafu ya juu siku saba bila kuigusa. Siku ya nane aliipima tena na kuandika volti mpya chini ya zile za kwanza. Rafu hiyo tuliiita kitandani. Niliona ni ushirikina uliovaa nguo za kazi. Chuoni tulipima betri kwa kuifunga mzigo, yaani kuipa balbu iwashe, na kutazama volti zinavyoshuka. Kazi ya saa mbili. Kwa nini mtu asubiri wiki?

“Betri ni kama mgeni,” aliniambia. “Siku ya kwanza kila mgeni ana adabu.”

Nilimwambia hiyo si sababu, ni methali, tena ameitunga sasa hivi. Akacheka na kukiri.

Mjue pia habari ya redio yake. Fundi aliishi Kiminini na kuja kazini kwa baiskeli. Kwake hakukuwa na stima, yaani umeme wa nguzo, lakini alikuwa na redio kubwa iliyotumia betri ndogo ya volti kumi na mbili, na kila Jumamosi aliifunga betri hiyo kwenye keria kwa mpira, akaileta kibandani ichajiwe, akarudi nayo jioni. Kila usiku kabla ya kulala alisikiliza matangazo ya vifo. Asubuhi, kabla hata hajafungua kufuli, alikuwa ameshatuambia nani ametutoka, ni mtoto wa nani, ameoa kwa nani, na atazikwa lini. Watu wa Bungoma waliokuwa wakifanya kazi Kitale walipita kwetu asubuhi kwa ajili hiyo tu. Wengine hawakuwahi kuleta hata pasi.

Ndipo akaja Mama Wafula. Alikuwa mkulima wa vitunguu, ameolewa juu ya Saboti, kule ambako barabara inaacha kuitwa barabara. Mume wake alifanya kazi mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Yeye alibaki na watoto na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Kila siku ya soko alituachia simu tuichaji, akaichukua jioni. Ikifika katikati ya wiki ilikuwa imezima, na nyumbani kwake hakukuwa na pa kuichaji.

Siku moja hakutuachia simu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kueleza shida yake pole pole, akitazama mikono yake. Mwaka uliopita mama yake alikuwa amefariki Myanga. Kaka yake alipiga simu siku tatu, na simu ilikuwa imezima. Alipopata habari na kusafiri, mama alikuwa ameshazikwa, na udongo ulikuwa umeanza kukauka. Sasa baba yake alikuwa mgonjwa. Hakuweza kwenda kukaa huko, kwa sababu ya watoto na ng'ombe, lakini kaka alikuwa ameahidi kupiga simu mzee akizidiwa. Alitaka kitu cha kuweka nyumbani, cha kuchaji simu bila stima. Aliuliza kama tunaweza.

Fundi alinitazama mimi. Mama huyu alikuwa wa kwetu, Myanga, na shida yake ilikuwa ya volti na ampea. Niliona ni kwa ajili ya siku hiyo nilikwenda shule.

Ofisi moja mjini ilikuwa imetuuzia kwa bei ya vyuma betri zake za kijivu zilizochoka, zile zinazokaa ndani ya kisanduku cha kulinda kompyuta stima ikipotea. Nilichagua moja iliyopokea chaji vizuri. Kutoka kwenye televisheni iliyopigwa na radi nilitoa kidude chenye miguu mitatu, kile ambacho hupokea volti nyingi na kutoa tano. Simu za wakati ule zilitaka kidogo zaidi ya tano, kwa hiyo niliweka dayodi chini ya mguu wake wa katikati, volti zikapanda hadi tano nukta saba. Nilikifunga kwenye bati la kupozea, nikaongeza kapasita mbili za trei ya mayai, na mwisho wake nikaunga waya wa chaja iliyotafunwa na panya, upande ambao panya hakuufikia. Vyote niliviingiza ndani ya jerikeni ya manjano ya lita tano niliyoipasua ubavuni, kisha nikaushona ubavu kwa waya wa kufungia. Ilikuwa na mpini wake tayari. Mtu akikutana nayo njiani angedhani inakwenda mtoni.

Niliifunga balbu ya pikipiki kwa saa mbili. Volti zilishuka kidogo tu, kama hesabu yangu ilivyosema. Fundi alitazama karatasi yangu ya hesabu kwa heshima.

“Ilaze,” akasema.

“Fundi, mzee wa watu ni mgonjwa. Wiki ni ndefu.”

“Ndiyo maana nasema ilaze.”

Nilimwuliza kwa mara ya mwisho sababu, na kwa mara ya mwisho alisema hajui ni kwa nini, anajua tu kwamba zingine haziamki. Nikamwambia kutojua si njia ya kazi. Alinipa nafasi ya kuamua, na kosa hilo ni langu peke yangu. Mama Wafula aliuliza itashika siku ngapi. Nilimwambia wiki mbili bila wasiwasi. Akaibeba na kuondoka.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akaiweka jerikeni juu ya meza kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alieleza kwamba alipofika nyumbani, simu ilikuwa bado na chaji, kwa hiyo jerikeni aliifunga kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, ikae salama hadi itakapohitajika. Siku ya nne simu ilizima. Aliichomeka. Taa ya simu iliwaka kama mtu anayefumbua macho, kisha ikafa. Alipopata stima Saboti asubuhi hiyo, alikuta jumbe tatu za kaka yake. Mzee hakuwa akila, na alikuwa akimwulizia. Alipiga simu hapo hapo. Kaka alisema mzee amekunywa uji jana, ameketi, asije bado, watapiga tena.

“Nimekuja kuuliza tu,” akasema. “Hii kitu ililala ama ilikufa? Kwa sababu mama nilimkuta amefunikwa. Baba simtaki hivyo.”

Nilikata mshono wa jerikeni, nikaigusa betri kwa mita. Volti nne, badala ya kumi na mbili. Hakuna mtu aliyeitumia. Ilikuwa imejimaliza yenyewe, gizani, kati ya vikombe. Leo najua ni jambo la kawaida: ndani ya betri kuukuu, vyumba vyake huvuja, na chaji hutoka polepole bila kazi yoyote. Jaribio la saa mbili haliwezi kuona hilo. Wiki ya kitandani inaliona. Lakini siku hiyo niliipima tena na tena, nikidhani mita ndiyo mbovu.

Fundi aliniambia nimpeleke mama kwa shangazi akanywe chai na mandazi, nami nikae naye. Tulikaa karibu saa nzima. Mama Wafula alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwafundisha watoto kuhesabu kwa punje za mahindi, na kwamba alipenda kujua habari za ng'ombe wa kila mtu. Tuliporudi, jerikeni ilikuwa imeshonwa tena, kwa mafundo madogo ya Fundi, si yangu makubwa.

“Nimeiamsha,” akasema.

Nilimwuliza vipi. Akasema ameiongelesha. Kisha akamgeukia mama, na hapo hakuwa na mzaha. “Mama, hii usiiweke kabatini. Si kikombe. Anza nayo leo, simu ikipungua kidogo unaipa. Itashika wiki tatu. Baada ya hapo ilete tuijaze.”

Jioni hiyo alipanda baiskeli akaenda zake Kiminini. Nakumbuka mpira wa kufungia mzigo ulikuwa ukining'inia nyuma, ukipiga spoku za gurudumu. Nilimwita nimwambie, akapunga mkono bila kugeuka.

Wiki ya pili, Mama Wafula akiwa katikati ya vitunguu, simu ililia mfukoni mwake. Alimwachia jirani ng'ombe na watoto, na kabla ya jua kutua alikuwa Myanga. Mzee alimtambua. Alimwuliza kama ng'ombe amezaa. Alimwambia bado. Kila asubuhi aliuliza tena, naye akampigia jirani kwa simu ile, iliyochajiwa kutoka kwenye jerikeni aliyokwenda nayo safari nzima kama mtu anayepeleka maziwa. Siku ya tano ng'ombe alizaa, jike. Mzee alisema ni vizuri, kisha akasema tena ni vizuri. Alifariki siku nne baadaye, binti yake akiwa ameshika miguu yake.

Baada ya mazishi alitujia na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya Fundi. Fundi alimtazama jogoo, akamtazama mama, akasema jogoo ni wa Kwanini, maana ndiye aliyeiunda. Nilibisha kidogo, kama inavyotakiwa, kisha nikamchukua. Shangazi alimpika kwa ugali. Nililala nikiamini nimejifunza kazi.

Lile swali halikuniacha. Kwa wiki kadhaa nilimsumbua Fundi: ulifanya nini hasa? Uliichaji kwa umeme mdogo? Uliigonga? Uliongeza maji? Alijibu kila mara kwa jambo jingine. Nikaenda maktaba, nikasoma, nikatunga nadharia. Niliamua kwamba aliipitishia umeme mkubwa kwa muda mfupi, ukachoma kile kilichokuwa kinavujisha. Kuna betri chache ambazo hilo husaidia. Nilijaribu kwa zile za kijivu zilizobaki, zikachemka na kunuka, na moja ikavimba kama mkate. Nikasema tatizo ni mkono wangu, bado sina ufundi wake. Ninyi mlioanza kazi kwangu mnalikumbuka somo la kuamsha betri. Niliwafundisha miaka mingi, na mkishindwa niliwaambia mrudie.

Kitu kingine kilitokea kipindi hicho, nami nilikiona, lakini sikuuliza. Kwa miezi kadhaa Fundi hakutuletea habari za vifo. Asubuhi alifungua kufuli kimya, na watu wa Bungoma walipopita, yeye ndiye aliyewauliza nani ametutoka. Nilidhani ni uzee, kwamba kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Nilimhurumia. Hata nilianza kuzungumza naye kwa sauti kubwa zaidi.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine sita. Nilianza kulaza betri bila kuambiwa. Alipofariki, matangazo yake niliyasikia kwa redio ya shangazi: ni mtoto wa nani, ameoa kwa nani. Baadaye nilihamia Bungoma nikafungua kibanda, na mengine mnayajua kwa sababu mlikuwepo.

Juzi, nilipokuwa nikijiandaa kuwakabidhi meza, Mama Wafula alikuja. Ni bibi sasa. Stima imefika kwake, watoto wanataka kutupa jerikeni, yeye akaona si haki itupwe na mtu asiyeijua. Ilikuwa imefifia hadi ikawa rangi ya maziwa, na betri ilikuwa imekufa zamani, lakini mafundo ya Fundi yalikuwa hayajafunguliwa na mtu. Niliyakata.

Vidude vyangu vyote vilikuwepo: kile cha miguu mitatu, dayodi, waya wa panya. Betri ilikuwa nyeusi. Yangu ilikuwa ya kijivu. Kwenye rafu ya Kitale kulikuwa na nyingi za kijivu zilizofanana, na mimi, Kwanini, sikuwahi kuzihesabu. Kwenye ubavu wa hiyo nyeusi kulikuwa na plasta iliyogeuka manjano, na juu yake, kwa mwandiko wa Fundi, volti kabla ya kulala, volti baada ya siku saba, tofauti yao ndogo sana, na neno moja chini: REDIO.

Nilikwenda Kiminini. Mjane wake alinikaribisha, nikampa ile betri, akaigeuza mikononi, akasoma plasta.

“Hii ni yetu,” akasema. “Aliniambia imeibwa kwenye baiskeli, Kitale. Tulikaa bila redio mpaka mahindi yakauzwa. Na huyo mwizi, mwanangu, nilimwombea mabaya kanisani mwaka mzima, yeye ameketi hapo kando yangu, anaitikia amina.”